Mshale wa Penseli

Mama yuko darini, na umri wake sabini na minne,
mimi niko sebuleni nimeshika rimoti.
Juu yangu mbao zinalia, ko, ko,
magoti yake yanahama pao hadi pao.
"Usikanyage katikati," Baba alizoea kusema,
"katikati hapana sakafu, pana nia tu."

Huku Rasi ya Juu ya Michigan barafu haigongi hodi.
Ilishatuvunjia antena tatu juu ya paa,
ya nne ikaliangukia dohani la jirani, mzee Heikkinen,
ambaye hakusema neno, akaturudishia
imekunjwa ndani ya gunia la viazi.
Ndipo Baba akasema basi, itakaa ndani,
ipate nusu ya mawimbi, ibaki na uzima wake wote.

Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa
na kazi yangu ilikuwa kupiga kelele.
"Sasa?"
Chenga!
"Sasa?"
Chenga, lakini namwona mtu!
"Mtu gani?"
Ana gongo! Yuko barafuni!
"Usipumue!"
Nami sikupumua. Nje theluji, ndani theluji,
na katikati yake mlinda lango mmoja wa kijivu
akipigwa chenga na chenga.

Baba akachora mshale kwenye pao
kwa penseli nene ya seremala,
akaandika kando yake, kwa Kifini, kwa herufi kubwa:
HAPA. ASIGUSE MTU.
Hakugusa mtu. Miaka arobaini na mmoja,
na mitatu ya mwisho Baba mwenyewe hayupo.

Lakini mnara umehama.
Wameushusha ule wa kusini, wakasimamisha mwingine
ng'ambo ya machimbo ya shaba yaliyofungwa.
Mama hakuamini mpaka Bi Dufresne wa duka la vyuma
alipomchorea ramani nyuma ya risiti ya misumari.
Sasa ana tochi kichwani na dira ya Baba ya kuwindia paa,
amebandua karatasi ya fedha kwenye pamba ya kioo,
maana mawimbi yakiikuta hugeuka kama mgeni
aliyekuta kufuli mlangoni.

"Sasa?"
Hakuna kitu, Mama.
"Hata chenga?"
Siku hizi hakuna chenga. Picha ipo au haipo.
Ikisitasita hukatika vipande vya mraba,
mtangazaji akaganda mdomo wazi,
kisha bluu tupu.
Zamani uliweza kukaribia.

Kimya.
Nakijua kimya hiki, najua na anachokitazama.
"Aune," anasema, sauti ikishukia tundu la taa,
"huu mshale unasema kusini."
Ndiyo.
"Na dira inataka nyuzi thelathini na mbili, upande wa mashariki."
Ndiyo, Mama.
"Nyuzi thelathini na mbili," anarudia,
kama mtu anayefumua sweta.

Skrubu inalegea. Chuma kinakwaruza mbao,
kinasimama, kinakwaruza tena.
"Sasa?"
Vipande.
"Sasa?"
Vipande, lakini namwona mtu!
"Mtu gani?"
Mwanamke. Anasoma hali ya hewa.
Ana koti jekundu, Mama, jekundu kabisa.
"Usipumue."

Inchi tisa za theluji kabla ya alfajiri, anasema yule mwanamke,
na ukungu wote umemtoka usoni.
Mama hashuki. Nasikia penseli.

Kesho nitapanda ngazi kufuata tochi aliyoisahau
na nitakuta mshale wa Baba haukufutwa.
Pembeni yake upo mwingine, mwembamba,
umetetemeka mkiani,
na maandishi madogo kama ya orodha ya sokoni:
hapa, kwa sasa.